Sura ya 7: Je, Dawa za Akili Zinamaliza Damu?

“Hizi dawa anazomeza mwanangu, ni kweli zinakausha damu?”

Swali hili huulizwa kwenye dirisha la dawa, huulizwa kwenye daladala, huulizwa hata msibani, kila anapotajwa ndugu anayetibiwa maradhi ya akili. Anayeuliza huwa ameona mambo kwa macho yake. Kijana anasinzia mchana kutwa, na akinyanyuka kitini anapepesuka. Tena kila akitoka kliniki anarudi na pamba imebandikwa mkononi. Jirani akiunganisha hayo yote, hukumu inatoka palepale: dawa zinammaliza damu.

Jibu fupi ni kwamba dawa nyingi kati ya hizo hazifanyi hivyo. Ipo moja inayoweza kuangusha sehemu moja ya damu, ghafla, kwa watu wachache. Na ndiyo hiyohiyo inayowafaa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine zote. Sura hii karibu yote inaihusu hiyo.

Kwanza tutenganishe mambo

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, aamini kwa dhati mambo ambayo hayapo, au ajitenge na kupoteza ari ya maisha. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Dawa zake huitwa dawa za saikosisi. Saikosisi ni ile hali ya mtu kushindwa kupambanua kilichopo na kisichokuwepo. Katika hospitali zetu zinazojulikana zaidi ni haloperidoli, klorpromazini ambayo wazee wa kazi bado wanaiita Largactil, sindano ya kila mwezi ya Modecate, na za baadaye kama risperidoni na olanzapini.

Yule kijana anayepepesuka akisimama, mara nyingi damu yake iko palepale. Dawa hulegeza mishipa, presha inashuka kwa sekunde chache anaponyanyuka, na kizunguzungu kinampata. Dawa yake ni kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na kumweleza daktari ili apitie kipimo cha dozi. Usingizi nao ni kazi ya dawa kwenye ubongo. Mtu akipauka kweli, viganja na kope vikawa vyeupe, atafutiwe chanzo chake: minyoo, malaria ya mara kwa mara, hedhi nzito, lishe duni. Kulibebesha lawama gunia zima la vidonge ni kumwacha na ugonjwa mwingine usiotibiwa.

Sasa twende kwenye hiyo dawa moja. Inaitwa klozapini.

Dawa iliyofukuzwa ikarudi

Klozapini ilitengenezwa Bern, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kampuni ya Wander. Ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 1972 kwa jina la Leponex. Madaktari waliipenda haraka kwa sababu haikuwakakamaza wagonjwa shingo na mikono kama zile za zamani.

Kisha ikafika Finland. Mwaka 1975, ndani ya miezi michache tangu ianze kutumika huko, wagonjwa kumi na kadhaa waliporomokewa na idadi ya chembe nyeupe za damu, na karibu nusu yao wakafa kwa maambukizi. Nchi nyingi ziliiondoa sokoni au zikaacha mpango wa kuiingiza. Ilionekana hadithi imeisha.

Haikuisha kwa sababu kulikuwa na wagonjwa ambao hakuna kingine kilichowasaidia. Mwaka 1988 John Kane na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 268 walioshindikana. Kwa wiki sita nusu yao walipewa klozapini, nusu klorpromazini. Waliopata nafuu kwa klorpromazini walikuwa 4 kati ya 100. Kwa klozapini, 30 kati ya 100. Hao ni watu waliokuwa wamekatiwa tamaa. Mwaka uliofuata Marekani iliiruhusu kwa sharti ambalo halikuwahi kuwekewa dawa yoyote ya akili: pasipo majibu ya kipimo cha damu, mfamasia hatoi kidonge.

Miaka ya baadaye ilionekana pia kwamba inapunguza majaribio ya kujiua, na mwaka 2002 ikaidhinishwa Marekani kwa ajili hiyo. Jambo hili linastahili uzito wake. Katika skizofrenia, karibu watu 5 kati ya 100 hufa kwa kujiua. Wanaokufa kwa kuporomoka kwa chembe nyeupe kutokana na klozapini, wakipimwa inavyotakiwa, ni 1 au 2 kati ya 10,000. Mimi nikiangalia namba hizo mbili, naona hofu yetu imeelekea upande usio wake.

Kinachotokea ndani ya mfupa

Damu ina makundi matatu ya chembe. Nyekundu hubeba hewa safi, sahani hugandisha damu panapochanika, na nyeupe hupambana na vijidudu. Miongoni mwa nyeupe kuna askari wa mstari wa mbele waitwao nyutrofili, ambao ndio wa kwanza kufika kidonda kinapoingia uchafu. Klozapini kwa kawaida haigusi nyekundu. Hatari yake iko kwa nyutrofili.

Chembe hizi huzalishwa kwenye uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, kwa mabilioni kila siku, na maisha yake katika damu ni mafupi mno. Zinafanana na maziwa ya mjini: yanaletwa alfajiri na kuisha siku ileile, kwa hiyo lori likikosa kufika, kesho rafu ni tupu. Ndiyo maana uboho ukisimama, mtu anaweza kuwa mzima Jumatatu na kuwa hatarini wiki hiyohiyo.

Hali ya nyutrofili kukaribia kwisha kabisa inaitwa agranulositosi. Kati ya watu 1,000 wanaoanza klozapini, inawapata chini ya 10, wengi wao ndani ya wiki 18 za mwanzo. Inaonekana kinga ya mwili wa baadhi ya watu huigeukia dawa hiyo na kuupiga uboho wao wenyewe. Kupunguza dozi hakuikingi, kwa kuwa haitokani na wingi wa vidonge. Dawa ikisimamishwa mapema, uboho kwa kawaida huamka ndani ya wiki moja hadi tatu, na hospitali kubwa zina sindano ya kuuharakisha.

Dawa nyingine za saikosisi, hata klorpromazini, zinaweza kufanya hivyo, ila kwa nadra mno, ndiyo maana hazina ratiba ya kupima kila wiki.

*Kwa ufupi hadi hapa:* ni dawa moja, ni aina moja ya chembe, na ni hasa katika miezi minne ya mwanzo.

Karatasi ya maabara

Kipimo chenyewe ni picha kamili ya damu, kile kile wanachopimwa wajawazito na watoto wenye homa. Damu huchukuliwa mililita mbili au tatu kwenye kichupa chenye kizibo cha zambarau. Kichupa kinapinduliwa taratibu mara kadhaa ili damu isigande, kisha mashine inahesabu. Watu huhofia kufyonzwa, basi tupige hesabu: vichupa vinne vya mwezi mzima ni mililita 12, hazijai kijiko kikubwa cha chakula. Mtu anayechangia damu hutoa takriban mililita 450 kwa mkupuo, na anakwenda nyumbani kwa miguu yake.

Karatasi ikitoka, tafuta mistari miwili. Wa kwanza umeandikwa WBC, hesabu ya chembe nyeupe zote. Wa pili ni NEUT, na huu huja mara mbili: kwa asilimia na kwa idadi. Makosa mengi hufanyika hapa. Asilimia peke yake haisemi lolote. Tuseme WBC ni 3.2 na nyutrofili ni asilimia 45. Zidisha, utapata 1.44, yaani chembe 1,440 katika kila mikrolita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya lita. Daktari anaamua kwa hiyo 1,440.

Na saa ya kupima ina mchango wake. Nyutrofili huwa chache asubuhi na huongezeka mchana. Mgonjwa aliyetoka na namba ya chini kidogo saa moja asubuhi, akirudiwa saa tisa alasiri baada ya kutembea, anaweza kuonekana yuko sawa kabisa. Hili ni jambo la kumkumbusha mtu wa maabara kabla dawa iliyomrudisha mtu kazini haijakatwa.

Mzani uliopimwa kwa damu ya wengine

Mipaka ya kusimamisha klozapini iliwekwa Ulaya na Marekani, kwa damu ya watu wa huko. Kwa muda mrefu Marekani nyutrofili zikishuka chini ya 1,500 dawa ilikatwa. Tatizo ni kwamba Waafrika wengi wazima kabisa, wasioumwa chochote, huamka kila siku na namba za jirani na hapo au chini yake.

Sababu ina historia ndefu kuliko hospitali zote. Juu ya chembe nyekundu za watu wengi duniani kuna alama iitwayo Duffy, na mdudu wa malaria aina ya vivax huitumia kama mlango wa kuingilia. Katika Afrika kusini mwa Sahara, karne kwa karne, waliozaliwa bila alama hiyo walinusurika, na leo ndio karibu sisi sote. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba urithi huohuo ndio unaofanya nyutrofili zetu zionekane chache zikihesabiwa kwenye damu. Uboho unafanya kazi vizuri, askari wapo. Wengi wako kambini kwenye tishu kuliko barabarani kwenye mishipa. Wenye hali hii hawaugui maambukizi zaidi ya wengine. Baadhi ya Waarabu wa Yemen na Ghuba nao wanayo.

Matokeo yake yalikuwa machungu. Wagonjwa weusi wa Marekani na Uingereza walinyimwa klozapini au walikatiwa katikati ya nafuu kwa sababu ya namba ambazo kwao ni za kawaida. Mwaka 2015 Marekani ilibadilisha kanuni: mwenye asili hiyo anaruhusiwa kuanza akiwa na nyutrofili 1,000, na dawa inasimama zikishuka chini ya 500, kwa wengine ni 1,500 na 1,000. Uingereza pia ina mipaka yake maalumu kwa watu wa kundi hili.

Kwa msomaji wa Dodoma au Kisumu hili lina maana ya vitendo. Kabla ya kidonge cha kwanza, mgonjwa apimwe mara mbili au zaidi, siku tofauti, ili namba yake mwenyewe ijulikane. Aliyeanza na 1,600 akaenda 1,300 hayuko sawa na aliyeanza na 5,000 akaenda 1,300. Wa kwanza yuko nyumbani kwake; wa pili ameporomoka.

Homa iliyoitwa malaria

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Tuseme ni wiki ya tisa tangu kijana aanze klozapini. Sauti zimepungua, amenyoa ndevu, juzi alimsaidia mamaye kupanga bidhaa gengeni. Jioni anasema koo linamuuma. Usiku anatetemeka. Asubuhi mama anakwenda duka la dawa.

“Dada, naomba dawa mseto ya mtu mzima na panadol.”

“Shikamoo mama. Amepimwa?”

“Marahaba. Bado, ni homa tu hizi, na koo linamkereketa.”

“Kuna dawa nyingine anatumia?”

Nyuma yake kwenye foleni kuna mke wa balozi na kijana wa bodaboda anayekaa mtaa uleule. Mama anasema: “Hapana.”

Panadol itashusha homa hadi jioni, na wote watalala wakiamini dawa mseto imefanya kazi. Wakati huohuo mtu asiye na nyutrofili hana cha kuzuia bakteria walioingia kooni. Koo lenyewe huenda lisionyeshe hata usaha, kwa sababu usaha hufanywa na chembe hizohizo ambazo hazipo. Siku mbili za kusubiri zinaweza kutosha kumpoteza.

Waliokufa Finland waliuawa na maambukizi kama haya. Kipimo cha kila wiki kimewekwa ili kushuka kuonekane kabla ya homa, lakini chembe zinaweza kuanguka kati ya kipimo na kipimo, na hapo mlinzi aliyebaki ni mtu wa nyumbani. Kwa hiyo kwa anayetumia klozapini, hasa miezi ya mwanzo, haya hayasubiri kesho:

- homa au kutetemeka kwa baridi
- koo kuuma, vidonda mdomoni au ufizi kuvimba
- kidonda kidogo cha ngozi kinachosambaa
- kuishiwa nguvu ghafla kama mwenye mafua makali

Aende siku hiyohiyo kituo chenye maabara, na neno la kwanza mapokezini liwe: “Anatumia klozapini, naomba picha ya damu.” Kipimo cha malaria kifanyike pia, hakuna ubaya. Ila kikionyesha wadudu, bado picha ya damu ifanywe. Mtu anaweza kuwa na malaria na uboho uliosimama kwa wakati mmoja. Mara nyingine homa ya wiki za kwanza huwa ni ya dawa yenyewe na hupita, na mara chache huashiria msuli wa moyo umevimba. Kifua kikiuma, au moyo ukienda mbio hata ameketi, daktari aambiwe papo hapo. Kubahatisha nyumbani ni ipi kati ya hizo hakuwezekani.

Kuhusu aibu, sina dawa yake. Lakini ujanja mdogo upo: andika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi na umpe muuzaji mkononi. Foleni haitasikia.

Karatasi hiyo itafaa pia kwa sababu nyingine. Zipo dawa za kawaida ambazo zenyewe hupunguza chembe nyeupe, na zikiungana na klozapini hatari inaongezeka. Ya kwanza ni karbamazepini, ambayo wengi wanaijua kama Tegretol na ni ya kila siku kwa wenye kifafa. Nyingine ni Septrin, kloramfenikoli, na zidovudini ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Asiache mtu dawa yake kwa kusoma sura hii. Amwambie tu daktari kwamba anazo zote mbili.

Sukari, inayokuja bila kelele

Agranulositosi inatisha kwa sababu ni ya ghafla. Jambo la pili kwenye damu halitishi mtu, ilhali linawapata wengi zaidi. Klozapini na olanzapini huongeza hamu ya kula na uzito, na zinaweza kupandisha sukari na mafuta kwenye damu. Baada ya miaka michache mtu anakuwa na kisukari na moyo unaoelemewa, huku kila mtu nyumbani akifurahi kwamba “amenenepa, amepona”.

Apimwe uzito, kiuno, presha na sukari kabla ya kuanza, arudiwe baada ya miezi mitatu, na baada ya hapo angalau kila mwaka. Soda ya kila mchana ndiyo ya kwanza kuondoka.

Haloperidoli na risperidoni zina lao pia: hupandisha homoni ya kutengeneza maziwa, hivyo mwanamke anaweza kukosa hedhi au kutokwa na maziwa bila kunyonyesha, na mwanamume kupungukiwa nguvu. Wengi huacha dawa kimyakimya kwa ajili hiyo, kwa haya tu, wakati mara nyingi kubadilishiwa dawa kungetosha.

Mpaka lini?

Hili ndilo swali la wiki ya sita, nauli inapoanza kuuma. Ratiba ya Uingereza iliyozoeleka ni kila wiki kwa wiki 18, kisha kila wiki mbili hadi mwaka utimie, halafu kila mwezi. Ya Marekani ilikuwa kila wiki kwa miezi 6, kila wiki mbili kwa miezi 6, kisha kila mwezi. Zote zimefuata mwenendo wa hatari, ambayo hupanda mapema na baada ya mwaka kubaki ndogo sana.

Mwaka 2025 Marekani iliondoa ule mfumo wa lazima wa kumsajili kila mgonjwa na kumzuia mfamasia kutoa dawa bila majibu ya damu. Kipimo bado kinashauriwa. Kilichoondoka ni kufuli. Nadhani walifanya vyema, kwa sababu karatasi zikichelewa watu walikosa dawa, na kukosa klozapini ghafla humrudisha mtu kwenye saikosisi kali. Lakini wa kwetu asilichukue hilo kama ruhusa ya kuruka zile wiki 18.

Na aliyekosa dozi kwa zaidi ya saa 48, kwa sababu yoyote, asirudie kiwango chake cha zamani. Mwili umeshasahau, presha inaweza kumwangusha. Daktari atamwanzishia upya kwa miligramu 12.5 na kupanda taratibu.

Klozapini kwetu hutolewa zaidi kwenye hospitali kubwa, kwa hiyo wa mbali hulazimika kusafiri kila wiki kwa ajili ya mililita tatu za damu. Hakuna ulazima huo. Picha kamili ya damu inapimwa kwenye hospitali nyingi za wilaya. Muombe daktari aandike barua moja ya kudumu kwa maabara ya karibu na nyumbani, damu ichukuliwe siku ileile ya kila wiki, karatasi ya majibu ipigwe picha na itumwe kwa simu kwa kliniki. Hakikisha picha inaonyesha tarehe, jina, na ule mstari wa NEUT kwa idadi.